Draivu Z ya ofisini inagoma kukopi faili kubwa, inatema 0x8007003B, wakuu njooni huku

KameraMoja:
Habari za jioni wakuu, samahanini uzi ni mrefu kidogo ila hii kitu imeshanichosha na wateja wameanza kunipigia mpaka saa nne usiku. Nina studio ndogo ya video hapa Sinza, tunashuti harusi, sendoff, kitchen party, mahafali, chochote chenye keki. Tuna kompyuta tatu za kueditia na moja tunaiita seva japo ukweli ni desktop ya kawaida tu, Windows 10 Pro, nimesheya folda moja inaitwa KAZI halafu kwenye zile tatu nimeimapu, yaani inaonekana kama draivu Z. Miaka miwili imefanya kazi bila kuleta ubishi.

Sasa tangu mwezi uliopita nikitaka kukopi video iliyokwisha kurenda kutoka PC namba 2 kwenda Z, mfano hii ya Jumamosi ni faili moja lina GB 28, inaanza vizuri kabisa, inafika asilimia 30, siku nyingine 40, siku ikiwa na huruma inafika 70, halafu ule mchoro wa kijani unadondoka mpaka chini, spidi inasoma 0, inakaa hapo kama dakika nzima hivi ndio inatema erori 0x8007003B. Nikibonyeza jaribu tena kuna muda inasogea kidogo kisha inakufa. Picha za JPEG hata elfu mbili zinaenda bila shida, ni haya mafaili makubwa tu.

Nilichofanya mpaka sasa: nimezima na kuwasha kila kitu mpaka rauta, nimeifuta Z na kuimapu upya mara sijui ngapi, fundi mmoja akaja akapiga window upya PC namba 2 akachukua elfu 50 yake akaondoka, jioni yake tatizo lile lile. Mama wa bwana harusi ananiuliza mwanangu mtandao gani huo unasumbua wiki nzima, nikamwambia mama huu sio wa intaneti ni mtandao wa humu humu ndani, akanyamaza kidogo akasema "basi toka nje ukatume."

Naombeni msaada.

MchovuSugu:
Tia kwenye flash mkuu, tembea nayo hatua kumi, chomeka pale kwenye seva. Mnapenda kujitesa.

KameraMoja:
Hahaha flash tuiweke mpango wa mwisho mkuu. Nataka nijue inakufa na nini.

FundiFasta:
Rahisi sana hiyo. Zima firewall pande zote mbili, toa antivirus kabisa, nenda kwenye vile vipengele vya ziada vya Windows washa SMB1, ile njia ya kizamani ya kusheya mafaili, halafu ile folda weka Everyone na ruhusa zote. Wateja wangu wote nawafanyia hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika.

MzeeWaSwichi:
Hawajarudi kwa sababu hawajui umewaachia nini.

KameraMoja usifanye hata kimoja hapo, tafadhali. Hiyo SMB1 ndio mlango ambao kirusi cha WannaCry kiliutumia Mei 2017, na Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka Machi mwaka huo huo, waliochelewa kukiweka wakafungiwa mafaili yao wakadaiwa hela. Baadaye mwaka ule ule Windows 10 toleo la 1709 likaanza kuja SMB1 ikiwa haijawekwa. Leo wewe una harusi za watu humo ndani, halafu mtu anakushauri ukaufungue mlango ule ule.

Tena tufikiri kidogo. Kama tatizo lingekuwa firewall au ruhusa, Z isingefunguka kabisa, au hata picha moja ingekataa. Picha elfu mbili zinapita, kwa hiyo mlango uko wazi na una haki ya kuandika mle. Ruhusa ikikukatalia inakukatalia getini, haisubiri ufike asilimia 40. Antivirus ndio inaweza kuchelewesha faili kubwa, hilo nakubali, lakini unaisimamisha dakika kumi unajaribu unairudisha, huing'oi.

Kuhusu hiyo namba. Chukua tarakimu mbili za mwisho, 3B, kikokotozi cha Windows kikiwa kwenye hali ya programu kitakwambia ni 59. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika net helpmsg 59 na Windows itakueleza yenyewe kwamba kumetokea kosa la mtandao ambalo haikulitarajia. Ndio basi! Ni kama kondakta anakupigia simu anasema "gari limesimama" halafu anakata. Umejua gari limesimama, hujui kama ni tairi, mafuta au trafiki. Ndugu zake ni 0x80070040 ambayo ni 64, jina la kule ulikounganishwa halipatikani tena, yaani mlikuwa mnaongea mwenzako akatoweka, na 0x80070079 ambayo ni 121, umesubiri jibu mpaka muda umeisha. Hizi tatu zinatembea pamoja, leo unapata hii kesho ile na chanzo ni kimoja. Tofautisha na 0x80070035 ambayo ni 53, hapo hujafika hata mlangoni, na 0x80070005 ambayo ndio ya ruhusa.

Kwa hiyo nijibu haya usiruke hata moja. Wakati inakopi vizuri spidi inasoma ngapi? PC namba 1 na namba 3 nazo zinagoma au ni namba 2 peke yake? Ukikopi kinyume, kutoka Z kuja kwako, nako inakata? Na lile faili likikopiwa ndani kwa ndani kwenye seva yenyewe bila kupita kwenye waya linafika?

KameraMoja:
Asante mzee. Spidi ni MB 11 kwa sekunde, haizidi hapo hata siku moja, nilidhani ndio kawaida yake. PC 1 na 3 nazo zinakata ila mara chache, namba 2 ndio imezidi. Kutoka Z kuja kwangu inafika, polepole lakini inafika. La mwisho sijajaribu. Diski ya seva ni TB 4, NTFS, nimeiangalia ina nafasi ya kutosha.

MzeeWaSwichi:
MB 11. Sawa, tayari kuna kimoja hapo.

Swichi yako ni ya gigabit? Kama ndio basi ulitakiwa kuona MB 100 na kitu kwa sekunde kama diski inaweza kumeza. MB 11 ni alama ya vidole ya laini ya Mbps 100, gawanya kwa 8 toa mizigo ya njiani unapata hiyo hiyo. Maana yake kuna kebo moja mahali fulani ina majeraha. Mbps 100 inatumia nyaya nne tu kati ya nane, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabit inataka zote nane. Waya mmoja wa kahawia ukikatika kompyuta haikwambii kitu, inashuka kimya kimya kwenda 100 na maisha yanaendelea, taa inawaka, unaping vizuri, unasema mtandao mzima.

Fungua hali ya kadi ya mtandao kwenye kila PC usome spidi ya laini. Halafu CMD andika netstat -e, pale kwenye mstari wa makosa kukiwa na namba inayopanda kila ukikopi basi kebo inalia. Anza na ya seva, kwa sababu zote tatu zinapitia pale.

DadaHesabu:
Samahani kudandia uzi wa mtu. Mimi niko idara ya uhasibu kwenye shule, nina S yangu imemapiwa na yule kijana wa IT aliyeondoka. Kuna mafaili nikiyakopi kwenda kwenye Desktop yangu yanakataa, inasema jina la faili litakuwa refu sana. Lakini yapo pale kwenye S nayafungua kila siku! Inakuwaje jina liwe fupi nikilifungua na liwe refu nikilikopi?

Kichwa_Ngumu:
Dada swali zuri hilo na halina aibu. Windows kwa desturi yake njia nzima ya faili isizidi herufi 260, yaani kuanzia herufi ya draivu, folda zote, mpaka nukta na xlsx. Sasa S yako huenda imemapiwa ndani kabisa, tuseme kule kwenye seva ni D:\Shule\Uhasibu\Ada\Miaka yote\ ndio inaanzia S. Wewe ukiiona ni S:\ tu, herufi tatu, hivyo umejaza mle folda ndani ya folda, "Ada muhula wa kwanza iliyorekebishwa mwisho kabisa 2" na kadhalika, ninawajua wahasibu. Ukiileta kwenye Desktop inaongezeka C:\Users\jina lako\Desktop\ na folda mpya uliyotengeneza, unapita 260, inagoma.

Dawa ya haraka kopi kwenda folda fupi kabisa mfano C:\A. Dawa ya kudumu fupisha majina ya folda za juu. Na kama unataka kuyachukua yote kwa mkupuo, robocopy, ile amri ya Windows ya kukopi, haisumbuki na urefu huo, inakopi tu, ila eksplora yako itakuja kushindwa kuyafungua huko mbele kwa hiyo umehamisha tatizo tu.

DadaHesabu:
"Iliyorekebishwa mwisho kabisa 2" umeniona wapi wewe 😂 Nimekopi kwenda C:\A yamekubali. Asante sana kaka.

FundiFasta:
Mzee umeandika gazeti lakini jamaa bado hajapona.

KameraMoja:
Nimerudi wakuu na nina habari mbili.

Ya kwanza, mzee alikuwa sahihi kuhusu kebo. PC 1 na 3 zinasoma Gbps 1, seva inasoma Mbps 100. Nikapanda juu ya stuli kufuata kebo ya seva inakopita juu ya dari, sikuona panya wala nini, nikashuka nikaangalia plagi ya RJ45 kwa tochi ya simu. Ukiitazama kwa mbele ile plagi ni ya plastiki angavu, unaona ncha za shaba nane zimejipanga. Zangu zilikuwa saba. Ule wa kahawia umeishia milimita kama mbili kabla ya kufika kwenye jino, aliyekrimpu aliukata mfupi, na umekaa hivyo tangu siku tunahamia. Nikaenda dukani nikanunua plagi tano na koleo la kukrimpu la bei ya chini, video moja nikaangalia, nikapanga machungwa yenye nyeupe, machungwa, kijani yenye nyeupe, bluu, bluu yenye nyeupe, kijani, kahawia yenye nyeupe, kahawia. Plagi mbili nimeziharibu, ya tatu ikakubali. Seva ikasoma Gbps 1. Nilipiga kelele mpaka jirani wa saluni akaja kuchungulia.

Ya pili ndio inaniumiza. Nikakopi lile la GB 28. Spidi MB 105! Nikasema leo tumemaliza. Halafu ikafika GB 3 na kitu ikadondoka sifuri, dakika moja, erori ile ile. Nikarudia, GB 4. Nikarudia, GB 3. Yaani kabla ya kutengeneza ilikuwa inafika mpaka asilimia 70, nimetengeneza sasa haifiki hata asilimia 15. Nimeboresha nikaharibu.

MchovuSugu:
Flash.

Bwana_Nyaya:
Mkuu hapo angalia mambo ya kuokoa umeme kwenye kadi ya mtandao. Nenda Device Manager, kadi yako ya mtandao, kwenye usimamizi wa umeme toa ile tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi, halafu kwenye mipangilio ya ndani kuna ile ya Green Ethernet na Energy Efficient Ethernet zizime zote. Kadi za bei chee zinasinzia katikati ya kazi. Na uweke draiva kutoka kwa mtengenezaji wa bodi, hiyo iliyokuja na Windows wakati mwingine inaleta mauzauza.

KameraMoja:
Nimezima zote mkuu, draiva mpya pia. GB 4, chali.

Kichwa_Ngumu:
Achana na kupesti kwa panya, tumia robocopy angalau ikikata iendelee ilipoishia badala ya kuanza sifuri:

robocopy D:\Renda Z:\Harusi jumamosi.mp4 /Z /R:5 /W:10

Hiyo /Z ndio ya kuendelea ilipoishia. Hizo /R na /W usizisahau, maana usipoziandika robocopy kwa tabia yake inajaribu tena mara milioni moja, kila jaribio inasubiri sekunde 30. Piga hesabu, ni siku zaidi ya 340. Utaikuta hapo mwakani bado inajaribu.

Mambo mawili tena. CMD ukiifungua kama msimamizi haitaiona Z, itasema haipo, usishtuke, ile Z imemapiwa kwa jina lako wewe wa kawaida na msimamizi anahesabiwa mtu mwingine. Ifungue kawaida. Na ukikutana na mtu anakwambia uweke /MIR mkimbie. Hiyo inafanya kunakokwenda kufanane na kunakotoka, hata kwa kufuta. Mimi niliielekeza kutoka folda tupu kwenda kwenye draivu ya ofisi mwaka fulani, ikafanya kama nilivyosema, ikafanana na folda tupu. Na vitu vikifutwa kupitia draivu ya mtandao haviendi kwenye pipa la taka la kwako. Vimeenda.

Bwana_Nyaya:
Pole mkuu hahaha "ikafanana na folda tupu."

MzeeWaSwichi:
KameraMoja, tulia, hujaharibu kitu. Umenipa taarifa nzuri kuliko zote za huu uzi. Umeongeza upana wa bomba mara kumi na tatizo limekuja mapema zaidi. Kama bomba ndio lingekuwa bovu, kulitengeneza kungepunguza tatizo. Limeongezeka, kwa hiyo kuna kitu mwisho wa bomba hakiwezi kumeza, zamani ulikuwa unakilisha kwa kijiko sasa unakimiminia ndoo.

Na ile "dakika nzima" uliyoiandika kwenye ujumbe wako wa kwanza niliipita tu, kosa langu. PC yako ikituma data kwa seva na seva isijibu, inaisubiri, na kwa kawaida uvumilivu wake ni sekunde 60. Baada ya hapo inakata inakuandikia kosa la mtandao, kwa sababu yenyewe haioni kingine zaidi ya mtandao. Seva ikiwa imeduwaa inasubiri diski yake, wewe uliyeko upande wa pili utaambiwa mtandao.

Swali langu la nne hukulijibu. Kaa mbele ya seva, chukua lile faili kwenye diski yake ya C ulikopi kwenda kwenye diski ya KAZI, bila mtandao. Na nielezee hiyo diski ya TB 4 imefungwaje.

KameraMoja:
Mzee... diski ya KAZI ni ya nje. Ni ile ndogo ya inchi 2.5, nimeichomeka USB ya mbele ya kesi kwa sababu huwa naitoa kwenda nayo kwa wateja. Zamani KAZI ilikuwa kwenye diski ya ndani, ikajaa, mwezi uliopita ndio nikanunua hii nikahamishia. Sikuona kama inahusiana maana inafanya kazi vizuri tu, Z inafunguka.

MzeeWaSwichi:
Mwezi uliopita.

KameraMoja:
Ndio najua mzee, nimejisoma mwenyewe sasa hivi nikaona aibu.

Nimefanya ulichosema. Kukopi ndani kwa ndani kwenye seva, C kwenda KAZI, imefika GB 5 ikaganda, eksplora yote ikawa nyeupe, halafu ile sauti ya Windows ya kuchomoa USB ikalia, sekunde tatu baadaye ikalia ya kuchomeka. Diski imejitoa na kujirudisha yenyewe!

MzeeWaSwichi:
Hapo sasa. Fungua Event Viewer, lile daftari la matukio la Windows, kwenye seva, sio kwenye PC yako, sehemu ya System, angalia muda huo huo. Tafuta za disk namba 153 na 157.

KameraMoja:
153 ziko kama ishirini zimefuatana, halafu 157 moja. Na nikirudi nyuma ziko kila siku niliyolalamika, dakika zile zile!

MzeeWaSwichi:
153 ni Windows inasema nimeandika haikujibu nikarudia. 157 inasema diski imeondolewa ghafla. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye seva mwezi mzima na sote tunaangalia PC namba 2, mpaka imepigwa window bure.

Diski hizo ndogo zinakula umeme wote kutoka kwenye USB hiyo hiyo. Na USB ya mbele ya kesi imeunganishwa kwenye bodi na waya mwembamba wa ndani, mzigo ukiwa mdogo inavumilia, ukiandika mfululizo volti inashuka diski inazimia. Ndio maana picha zinapita, kila moja ni kidogo na kati yake inapumua. Ndio maana kusoma kutoka Z kulikuwa kunafika pia. Ihamishie nyuma, zile zilizoko kwenye bodi moja kwa moja, tumia kebo fupi iliyokuja nayo. Kwenye mipangilio ya umeme zima ile ya USB kusinzia. Halafu kabla ya kufurahi piga chkdsk, ile amri ya kukagua diski, maana diski iliyochomoka katikati ya kuandika mara zote hizo huenda imeshajichanganya.

KameraMoja:
Nimeihamishia nyuma. chkdsk imerekebisha vitu viwili vitatu. Nimekopi ndani kwa ndani, imefika. Nimekopi kupitia Z kutoka PC namba 2, GB 28 yote, dakika tano na kidogo, haikudondoka hata mara moja. Sina la kusema.

MzeeWaSwichi:
Lipo la kusema. Yale mafaili ya mwezi mzima uliyodhani yalifika baada ya kubonyeza jaribu tena, umeyafungua mpaka mwisho?

KameraMoja:
Mzee usinitishe usiku.

MzeeWaSwichi:
Nakutisha. Ukianza kukopi Windows inaweza kutenga nafasi nzima ya faili mapema, ikikatika vibaya kule linabaki faili lenye ukubwa kamili kwa macho, GB 28 imeandikwa pale, ndani nusu ni hewa. Kulinganisha ukubwa hakutoshi. Nenda kwenye asili na kwenye nakala, piga:

certutil -hashfile jumamosi.mp4 SHA256

Ikitoa herufi zile zile pande zote ni mapacha. Zikitofautiana hata moja, kopi upya, na usifute ya kwenye PC.

MtuWaLikoni:
Hamjambo humu ndani, nimesoma wote nikiwa kazini mpaka mkubwa wangu akaniuliza nacheka nini. Mimi niko Mombasa, yangu ni kinyume, haifunguki kabisa. Nimenunua laptopu mpya ina Windows 11 toleo la 24H2, nyumbani nina rauta nimeichomeka diski nyuma yake, watoto wanatazamia katuni. Laptopu ya zamani yaingia bila neno la siri, hii mpya yaniambia sera za usalama zazuia kuingia kama mgeni.

Bwana_Nyaya:
Hiyo sio ugonjwa, wamekaza kwa makusudi. Kuanzia 24H2, kwenye Windows 11 Pro na zile za kazini, wageni wasio na jina wanakataliwa, na pia inadai kila pakiti ya data iwe na saini. Utaona watu mitandaoni wanakupa namna ya kulegeza kwenye laptopu, usianzie huko. Ingia kwenye ukurasa wa rauta tengeneza jina na neno la siri la hiyo diski, halafu kwenye laptopu ondoa miunganisho ya zamani kwa net use * /delete, mapu upya kwa jina hilo. Kama rauta ni ya zamani kiasi kwamba inajua SMB1 tu, basi huyo mzee apumzike, chomeka diski kwenye kompyuta.

MtuWaLikoni:
Nimetengeneza jina, imekubali. Shukran bwana.

DadaHesabu:
Na mimi la mwisho. Ile S yangu nikitoka chai nikirudi ina alama nyekundu ya X ila nikiibonyeza inafunguka. Niogope?

Kichwa_Ngumu:
Usiogope dada. Seva ikiona umekaa dakika 15 hujaigusa inakukata ili ipumzike, ukiigusa inakuunganisha. Kama inakukera, kwenye seva CMD ya msimamizi net config server /autodisconnect:-1. Ila muulize mwenye seva kwanza, na kama hiyo seva yenyewe ni Windows ya kawaida kama ya KameraMoja kumbuka inabeba watu 20 tu kwa wakati mmoja, sasa ukizuia isiwakate waliolala kuna siku mtu wa 21 atakosa nafasi.

DadaHesabu:
Tuko sita tu, na wanne kati yao hawaiamini, wanaprint kila kitu.

KameraMoja:
Nimemaliza kupiga certutil kwa kazi zote za mwezi. Kumi na moja mapacha. Moja sio. Ni sendoff ya tarehe za mwanzo, kwenye Z ina ukubwa ule ule, nikaifungua nikasogeza mbele, dakika ya 52 MC ananyanyua mkono aseme kitu halafu kiza mpaka mwisho. Ya asili bado ilikuwa kwenye PC namba 3, kesho nilikuwa nataka kuifuta ili nipate nafasi. Nimeikopi upya. Wiki hii nanunua diski ya ndani ya inchi 3.5, hii ndogo irudi kwenye begi lake.

Mama wa bwana harusi nimempelekea ya kwake leo saa kumi. Ameuliza kama nilitoka nje.

MchovuSugu:
Kwa hiyo siku nane mmezunguka dunia nzima kuikwepa flash yangu.

KameraMoja:
Nilikuja kuijaribu siku ya pili mkuu, kimya kimya, sikutaka kukwambia. Ilikuwa FAT32, haipokei faili zaidi ya GB 4.

MchovuSugu:
Aah.